Vikinga Masikio vya Mheshimiwa

Si zamani za kale. Ni juzi tu, na wahusika wengi wangali wanapokea mshahara. Jina la nchi sitalitaja. Si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe liko wizarani linafanyiwa mapitio, na mpaka litakaporudi tumeagizwa tuseme tu "hapa kwetu".

Hapa kwetu pazuri. Serikali inatupenda, na inatupenda kwa utaratibu. Utaratibu wa kwanza ni kwamba kitu cha umma hakitumiki mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Daraja la mto wetu lilipokamilika lilifungwa utepe, nasi tukaendelea kuvuka chini yake kwa miguu, maji yakitufika kiunoni, huku tukilitazama na kulisifu. Askari aliyewekwa kulilinda alikuwa kijana mwema. Alikunja suruali, akashuka mtoni, akawa anatubeba wazee mgongoni. Kutupitisha juu hakuweza, angefukuzwa kazi. Lakini chini ya daraja alitubeba kama mayai, na kila akinitua ng'ambo ya pili alinikung'uta maji kwenye kanga.

Utaratibu wa pili ni kwamba mgeni rasmi haondoki mikono mitupu. Alichokigusa wakati wa kuzindua huwa zawadi yake. Alizindua mradi wa ng'ombe wa maziwa, akampapasa ng'ombe, ng'ombe akapakiwa. Alizindua mashine ya zahanati ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akaishika ili apigwe picha, na wajawazito wakapiga vigelegele wakiiona inaingia garini. Daraja peke yake ndilo tulilobaki nalo lilipokuja kuzinduliwa, na hata hilo nasikia waliulizana.

Nayaeleza haya taratibu ili mwelewe yaliyompata mjukuu wangu.

*

Mjukuu wangu anaitwa Mwantumu. Ni mkunga wa zahanati yetu. Tangu mashine izinduliwe anatumia kipembe cha mti, mfano wa faneli: upande mmoja tumboni kwa mama, upande mwingine sikioni kwake. Akishainama hufumba macho, na chumba kizima hunyamaza. Hata yule mama mwenye maumivu hujizuia kuguna ili asimharibie.

Anajua mtoto aliyelala na anajua mtoto aliyechoka. Siku moja niliyompelekea uji nilimwona akiinua kichwa na kusema, "Huyu hasubiri." Mafundi waliokuwa wakijenga jirani walimwaga matofali yao, wakatoa toroli, wakamkimbiza mama yule hadi hospitali ya wilaya wakipokezana. Mtoto yule leo hutumwa kwangu kuchukua nguo zilizoshonwa, na nikimwona naweka kazi chini nimtazame kidogo. Sikio la Mwantumu ndilo lililomleta.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, na mkasi wangu ni ule mkubwa wa kukatia turubai la lori.

*

Sasa, Waziri wetu wa Michezo na Heshima ya Taifa alisafiri ng'ambo kwenye mkutano wa maji safi. Huko alipelekwa kutazama mchezo wa bunduki tatu. Watu wanakimbia kutoka kibanda hadi kibanda, hapa wanapiga bastola, pale raifo, kule shotgani, wanaangusha visahani vya chuma, na muda unapimwa kwa kimashine kinacholia pii pale mchezo unapoanza. Waziri alirudi nyumbani na mchezo huo, maji safi akayasahau uwanjani.

Usiku ule ule alizungumza redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi yetu ina bunduki nyingi, lakini kwa muda mrefu tumekuwa tukizitumia bila furaha. Kuanzia leo kila wilaya itatoa mshindani mmoja. Awe ndiyo kwanza anaanza, asiyejua kitu, maana wazoefu wana tabia ya kuuliza maswali. Na anunuliwe vifaa vya kianzio, vya bei nafuu, kwa sababu uzalendo hauna gharama."

Mkuu wetu wa wilaya akatuma wakaguzi watafute mtu ambaye mikono yake haitetemeki. Walipita nyumba kwa nyumba wakituambia tunyooshe mikono. Ya watu wengi ilitetemeka, kwa kuwa aliyeamuru ni serikali. Mwantumu walimkuta ametoka kuzalisha pacha, mikono imetulia tuli.

"Sitaki bunduki," aliwaambia. "Nina wajawazito."

Wakamjibu kwa upole sana. Wilaya ikikosa mshindani, zahanati itafungwa na majengo yake yawe ofisi ya mchezo. Walimpa hata muda wa kufikiri, mpaka yule aliyekuwa akifunga kamba za viatu amalize kufunga.

Akakubali.

*

Kikaundwa Kikosi cha Wilaya cha Vifaa vya Kianzio, mwenyekiti wake Bwana Ngoso. Bwana Ngoso si mtu mbaya. Nilipoingia kwenye kikao, maana niliitwa nishone mkanda na mifuko, alisimama akanipa kiti chake na kukaa kwenye kreti la soda. Namkumbuka kwa kiti kile, na ndiyo maana hasira yangu juu yake haipoi. Mtu anayejua kumpa mzee kiti, anajua.

Mwalimu wa kulenga shabaha alikuwa Koplo Nandonde, mwanajeshi mstaafu. Koplo huzungumza kwa sauti kubwa na huweka kiganja nyuma ya sikio kila anapojibiwa.

"Koplo," Bwana Ngoso alianza, "bajeti ni ndogo na binti ndiyo kwanza anaanza. Tuanze kununua nini?"

"Masikio," Koplo alisema.

"Mzee, tunaongelea vifaa."

"Nami naongelea vifaa. Kwanza vikinga masikio. Pili miwani ya kukinga macho, hata ile ya plastiki ya mafundi seremala inafaa. Tatu mkanda mgumu usiozunguka kiunoni, na ala inayoishika bastola isichomoke akikimbia. Huo bibi hapa ataushona. Bunduki msinunue. Azimeni kituoni mpaka binti ajue ipi inamkaa mkononi. Kila senti itakayobaki iwe risasi za mazoezi. Anayeanza hahitaji bunduki inayong'aa. Anahitaji kupiga nyingi, na jioni arudi nyumbani akisikia anaitwa kula."

"Nimekuelewa kabisa," Bwana Ngoso alisema, na nadhani alielewa. Kisha akawageukia wajumbe. "Katika hivyo alivyovitaja, kipi kinaonekana kwenye picha?"

Wajumbe walifikiri.

"Bunduki ya kung'aa inaonekana," alisema mmoja.

"Inanunuliwa. Endeleeni."

"Bango. Lenye picha ya Mheshimiwa."

"Bango si kifaa," Koplo alisema.

"Bila bango nani atajua kuna mchezo? Linanunuliwa."

Zikafuata kofia za wajumbe, fulana za wajumbe, na viatu vya ngozi vya wajumbe, kwa kuwa mshindani hawezi kupendeza peke yake amezungukwa na watu wachafu. Raifo ikaazimwa kituo cha polisi. Fedha za shotgani zilikuwa zimeshaishia kwenye viatu, kwa hiyo wakaazima gobole la mwindaji mmoja mzee wa kijiji cha pili, ambalo likilia vyungu hushuka vyenyewe jikoni. Risasi peke yake hazikusumbua. Polisi walikuwa nazo tele, zilizobaki kutoka uchaguzi.

"Na masikio?" Koplo aliuliza.

"Koplo, masikio yakifunikwa hayaonekani. Tununue kitu cha kuficha kitu?"

Koplo alitoa mfukoni gazeti la matangazo lililokunjwa kunjwa, akaliweka mezani. Kulikuwa na picha ya vikinga masikio vyekundu, vinameta kama tufaha la dukani. Bwana Ngoso alivaa miwani akatazama.

"Kumbe vinaonekana," alisema. "Agizeni jozi moja."

*

Vilifika, na vilikuwa vizuri kweli. Vikapokelewa, vikafungwa utepe, vikawekwa stoo ya wilaya kusubiri kuzinduliwa.

Mazoezi hayakuweza kusubiri, kwa kuwa tarehe ya mashindano ilikuwa imeshatangazwa redioni, na redio haijawahi kukosea. Wakampeleka Mwantumu kwenye shimo la zamani la kuchimbia mawe, ambako kuta za mwamba huurudisha kila mlio ukiwa umenenepa. Koplo alikataa kufundisha. Akaletwa mwingine, kijana mmoja wa ofisi ya ardhi, ambaye siku ya kwanza aliuliza risasi inatokea upande gani. Koplo aliposikia alirudi mwenyewe bila kuitwa.

"Afadhali niwepo," aliniambia. "Nisipokuwepo watamuua."

Aliyeyusha mshumaa, akachovya pamba, akamfinyangia vizibo vya masikio kwa vidole vyake vinene, akivipuliza vipoe visimchome. Vilizuia kidogo. Kwa gobole havikuzuia kitu. Anayelenga kwa mkono wa kulia, Koplo alinieleza, sikio la kulia hujificha nyuma ya kitako cha bunduki, la kushoto likabaki limeukabili mlio uso kwa uso. "Langu lilikwenda hivyo hivyo," alisema. "Jeshini walituambia ni uoga kuziba."

Nikaenda stoo. Mtunza stoo ni Teofili, mtoto wa jirani yangu wa zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe vile vyekundu. Binti anaumia."

"Bibi, nikikata ule utepe nitakuwa nimezindua mimi. Mtu wa daraja langu akizindua kitu, hata kufungwa hafungwi. Anafutwa, kama hakuwahi kuajiriwa. Nina mama mgonjwa."

"Basi mwambie Bwana Ngoso."

"Nilimwambia. Aliandika barua ya kuharakisha uzinduzi. Ikajibiwa kwamba barua za kuharakisha zina foleni."

Alinitazama, akaona nimesimama tu. Akafungua mlango wa stoo, akanisogezea kiti. Vilikuwa kwenye rafu ya juu katikati ya vitu vingine vyenye utepe: magongo ya walemavu, vyandarua, taa ya chumba cha upasuaji.

"Kuvitoa siwezi," Teofili alinong'ona. "Lakini hakuna aliyesema visitazamwe."

Nikaona ule upinde wa kupita kichwani ni chuma kitupu, utamvuta nywele. Nilikuwa na kipande cha kanga yangu ya zamani mfukoni, ile ya rangi ya manjano niliyombebea Mwantumu alipokuwa mchanga. Teofili alivishika bila kukata utepe, nami nikauzungushia upinde kile kipande na kukishona palepale, mshono wa mkono, mdogo mdogo. Alisimama mlangoni kunilinda. Tulipomaliza akavirudisha juu kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka msahafu.

Uzinduzi ukaahirishwa kwa sababu Waziri alikuwa na ziara. Ukaahirishwa tena kwa sababu alikuwa amechoka na ziara. Ukaahirishwa kwa sababu gari la king'ora lilikuwa linapakwa rangi. Na kila asubuhi shimo la mawe lilinguruma, nami barazani nikawa nasimamisha cherehani kila mlio, kana kwamba nikinyamaza mimi na wao watanyamaza.

Kwanza Mwantumu alianza kuniuliza, "Umesemaje, bibi?" Kisha siku moja nikaona maji yanachemka, kifuniko cha sufuria kinarukaruka mgongoni kwake, yeye ameketi.

"Mwantumu."

Hakugeuka. Nikamgusa bega.

"Kuna nyenze, bibi," alisema. "Wameingia sikio la kushoto, hawatoki."

Zahanatini alikuwa akisikilizia sikio la kushoto. Ndilo lililozoea, ndilo lililojua mtoto aliyechoka. Sikitu, mke wa fundi baiskeli, alikuwa na mimba ya kwanza. Siku moja nilipopeleka uji nilimkuta amelala kitandani akimtazama Mwantumu usoni, kama wanavyomtazama wote. Mwantumu aliinama, akafumba macho. Akakaa. Akakaa zaidi. Kisha akafumbua macho, na nikaona kwa mara ya kwanza mikono yake inatetemeka.

"Vipi?" Sikitu aliuliza. "Mbona hivyo? Hayupo?"

Mwantumu alihamishia kipembe sikio la kulia, akasikiliza upya kama anayejifunza kusoma.

"Yupo," alisema mwishowe. "Yupo, mama. Ni mimi niliyekuwa sipo."

Sikitu alimshika mkono akaupapasa, yeye mwenye mimba akimtuliza mkunga. Nilitoka nje. Nilikwenda nyuma ya zahanati, palipo na jaa, nikasema maneno ambayo siyaandiki.

*

Siku ya uzinduzi ilifika. Palikuwa na mahema, kwaya, na bango lenye picha ya Mheshimiwa kubwa kiasi kwamba Mheshimiwa mwenyewe alipokaa chini yake alionekana kama mtoto wake. Vikinga masikio vililetwa juu ya mto wa hariri. Teofili ndiye aliyevibeba. Alipopita karibu yangu aliinamisha macho.

Waziri alikata utepe. Akavivaa. Tabasamu kubwa likaenea usoni mwake.

"Kimya," alisema kisha, kwa sauti ya mtu aliye usingizini. "Nimetembea nchi nyingi. Sijapata kukaa mahali penye amani kama hapa."

Watu walipiga makofi. Hakuyasikia, akafurahi zaidi.

Afisa itifaki akamwita mshindani. Mwantumu akasimama kwenye alama, mkanda wangu wa turubai kiunoni, bastola ndani ya ala, pamba ya Koplo masikioni. Vikinga masikio vilikuwa juu ya kichwa cha Waziri, na alichokigusa mgeni rasmi ni chake. Koplo alikimbilia jukwaani.

"Mheshimiwa, mwazime binti, ni hatua chache tu atakimbia."

Waziri akampungia mkono kwa upendo.

Kimashine kikalia pii. Mwantumu hakusogea. Kililia kushoto kwake. Uwanja mzima ulisikia, watoto waliokaa juu ya ukuta walisikia. Mwantumu alisimama akiwa ametazama mbele, anasubiri, mzuri, mnyoofu, mikono tayari. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Walidhani anaogopa. Koplo aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega, naye akaanza kukimbia huku muda wake umeshaanza kuhesabiwa.

Vyuma vyote aliviangusha. Hilo nitalisema hata wasipoliandika. Lakini msimamizi alitangaza kwamba mshindani wa wilaya yetu ameondolewa kwa kosa la kudharau mlio wa serikali.

Waziri akaondoka na vyekundu kichwani, kipande cha kanga yangu kikionekana juu ya upara wake. Bwana Ngoso alipita akaniambia, "Pole, bibi." Sikumjibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutomjibu mtu aliyenipa pole.

*

Mambo yakawa mazuri sana hapa kwetu. Waziri aliingia navyo kwenye baraza la mawaziri, na wenzake wakaona jinsi alivyokaa kwa utulivu wakati ripoti ya njaa ikisomwa. Wakaagiziwa vyao. Wakaagiza wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, na wakurugenzi. Wa ngazi ya juu walipewa vyekundu, wa kati bluu, na wa chini walipewa pamba, wakaambiwa wavute subira. Gazeti la serikali likaandika kwamba malalamiko ya wananchi yamepungua kwa kiwango ambacho hakijapata kusikika, na kwa hilo gazeti lilisema kweli.

Koplo alipeleka ombi la kifaa cha kumsaidia Mwantumu kusikia. Likapokelewa vizuri, na aliyelipokea alikuwa na bluu.

Ikatangazwa Siku ya Kusikiliza Kero. Waziri angekuja kwetu yeye mwenyewe. Tulipanga mstari juani. Mtu akifika mbele anaeleza kero yake kwenye kipaza sauti, Waziri anaitikia kwa kichwa, anasema "Nimekusikia," anapita mwingine. Mbele yangu alikuwepo baba aliyenyang'anywa shamba. Alieleza mpaka akalia.

"Hongera sana," Waziri alimwambia. "Endelea hivyo hivyo."

Yule baba aliondoka kwenye jukwaa akiwa hajui aweke wapi mikono. Aliyekuwa nyuma yangu mstarini, kijana nisiyemjua, alimpa maji yake ya chupa, yote.

Sasa, wakubwa wetu wana desturi moja nyingine. Wanapenda kupigwa picha wakimwinamia bibi kizee awabariki. Afisa itifaki alipita akikagua mstari, akaniona mimi: mvi zangu nyeupe, kanga safi, na nilikuwa natabasamu. Nilikuwa natabasamu kwa sababu nilikiona kile kipande cha manjano juu ya upara, na mshono wangu ungali umeshika.

"Bibi, unaweza kubariki?"

"Naweza, baba."

Akanipandisha jukwaani akinishika kiwiko, taratibu, ngazi kwa ngazi. Akashika kipaza sauti. "Na sasa, ndugu wananchi, mgeni wetu rasmi wa shughuli ya baraka."

Wapiga picha walisogea. Waziri aliinamisha kichwa mbele yangu. Nikaweka mikono juu yake kushoto na kulia. Nikavivua, kama mtu anavyomvua mtoto kofia akiingia ndani.

Sijui alitegemea nini. Alitoa macho, akageuza kichwa huku na huku. Uwanja ulikuwa ukivuma: watoto wachanga, vikohozi, yule baba wa shamba, watu wakisema majina yao na vijiji vyao.

"Hii sauti ni ya nini?" aliuliza.

"Ni wananchi, Mheshimiwa," afisa itifaki alisema.

Nikamwinamia sikioni. Sikupaza sauti. Nilitumia ile ninayoitumia kumwambia mtoto ameze dawa.

"Hivi ni vya Mwantumu," nilisema. "Mkunga wetu. Sikio lake limekufa vikiwa vimefungiwa stoo, vinakusubiri wewe uje ukate utepe. Na ulipokuja ukavaa, ukaondoka navyo. Leo umesikia. Usiseme tena hukuambiwa."

Alinisikia. Nataka hilo lijulikane, maana wapo wanaowatetea kwamba hawajui. Nilikuwa karibu nikaona neno moja moja likiingia, na macho yake yakabadilika, na kwa muda mfupi alikuwa mtu kama mtu mwingine aliyepewa habari mbaya. Nilimsubiri. Nimelea watoto, najua kumsubiri mtu.

Akamgeukia msaidizi wake.

"Nipe vyako," alisema.

Msaidizi akavua vyake, akamvalisha. Tabasamu likarudi.

*

Waliamuru nikamatwe. Askari aliyekuja alikuwa yule wa darajani. Alinishika kanga kwenye bega kwa vidole viwili tu.

"Kwa kosa gani, mkubwa?" alimwuliza afisa itifaki.

"Kuchukua mali ya mgeni rasmi."

Askari alifikiri. Si mtu wa maneno mengi.

"Lakini mkubwa, mgeni rasmi wa baraka ulimtangaza yeye. Na sote tumeona amevigusa."

Afisa itifaki alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umemkalia kifuani. Kuuvunja kungetaka arudishe ng'ombe, arudishe mashine, arudishe kila kilichowahi kuguswa. Nikashuka ngazi na vikinga masikio mkononi, nikapakiwa pamoja navyo kwenye gari la serikali hadi nyumbani, kama desturi inavyotaka.

Havikumrudishia Mwantumu sikio. Daktari wa wilaya alitazama akasema lililokwenda limekwenda, na akakataa kuchukua ada. Mwantumu sasa anasikiliza kwa la kulia. Mafundi wale wa matofali walikuja wakakisogeza kitanda cha zahanati mbali na ukuta ili aweze kuzunguka upande wa pili, na siku Sikitu alipojifungua, Mwantumu alishinda na kipembe bila kukaa, akirudia rudia kwa kuwa hajiamini kama zamani. Mtoto ni wa kike. Analia vizuri. Agizo la kuifunga zahanati lipo, limesainiwa, lakini bado halijazinduliwa.

Vile vyekundu nilimpa Koplo. Wilaya imeshamchagulia mwanafunzi mwingine anayeanza, binti wa mwalimu, naye hapigi hata mlio mmoja kabla Koplo hajamvalisha na kumkagua pande zote mbili. Mimi na Koplo tunapokezana kwenda shimoni kuhakikisha.

Teofili alikuja jana na habari. Mzigo mpya umeingia stoo, wa viongozi wote. Baada ya yale ya jukwaani wameboresha: sasa vina kamba ngumu ya turubai inayopita chini ya kidevu na kufungwa, visivulike. Siku nyingine ya Kusikiliza Kero imeshapangwa, na afisa itifaki, ambaye hajapata bibi mwingine mwenye tabasamu kama langu, ameniulizia.

Nimemjibu kuwa nitakuja. Mkasi nimeshaunoa.